Bia nyeusi kwa kawaida haina kahawa

Dada, umeuliza kama ile bia nyeusi iliyokushinda kwa uchungu imetiwa kahawa. Hapana, hawajatia. Huo uchungu wa kuungua unaousikia kwenye bia nyeusi unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa kwa moto unaopita nyuzi 200, mpaka punje ikawa nyeusi kama buni iliyokaangwa. Na punje hizo ni chache tu. Sehemu kubwa ni kimea cha kawaida.

Tatizo ni kwamba umeinywa ya barafu. Ubaridi mkali unafunga harufu, ulimi unabaki na uchungu mtupu. Ulaya wanazipenda wakati wa baridi, zikiwa na nyuzi 10 hadi 13 hivi. Hapa Tanga, hata kipindi hiki cha kusi, itoe kwenye friji, iache mezani robo saa, mimina kwenye glasi pana. Wakikushangaa baa, waache. Nusa povu lile la kahawia kabla hujaonja: utapata chokoleti, ganda la mkate, pengine zabibu kavu. Kisha funda dogo, likae mdomoni.

Mimi naipenda na pweza wa kuchoma, ndimu kwa mbali.

Ukiona bado kali, jaribu ile yenye sukari ya maziwa. Hamira inayochachusha bia haiwezi kuila, kwa hiyo utamu unabaki. Ila kama maziwa hukusumbua tumbo, hiyo usiiguse.