Mtoto kaona katuni, sasa hataki baba aende ziwani

SWALI: Anti shikamoo. Niko Ujiji hapa Kigoma, wikiendi tulimwekea mwanangu wa miaka mitano Lion King, pale Mufasa, yule simba baba, anaporushwa kwenye nyumbu akafa, alilia hatari, na sasa baba yake akitoka usiku kwenda kuvua dagaa anamng'ang'ania mguu. Mume wangu anasema nimemdekeza. Nimwache azoee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujamdekeza wala nini, ile filamu ya 1994 imeliza mpaka watu wazima. Na Bambi ya 1942 je, ile katuni ya mtoto wa paa? Mama yake anapigwa risasi ila humuoni, unasikia mlio tu, mtoto anajimalizia kichwani mwenyewe, hapo ndo balaa. Miaka mitano bado katuni na maisha vinamchanganya, halafu baba ndo huyo anaingia gizani na taa zake, ulitaka afikirie nini? Baba mwenyewe aongee nae, amwambie anaenda na nani, siku moja asubuhi umpeleke mwaloni aone mitumbwi inavyorudi. Filamu akiitaka tena wekeni mchana mkiwa wote na mfike mwisho, maana wengi mnazima palepale kwenye kilio kwa huruma, mtoto anabaki na kifo tu, Simba mwana wa Mufasa akirudi yeye haoni. Na huyo mumeo muulize taratibu utotoni alikuwa anaogopa nini, hakosi.