Boxster au Corvette ya mtumba?

Ndugu, umeuliza, kwa kuwa uko Marekani, uchukue Porsche Boxster ya 2001 au Chevrolet Corvette ya mwaka huohuo. Kama mfuko wa matengenezo si mnene, chukua Corvette. Injini yake, LS1 ya V8 (silinda nane) lita 5.7, ni ukoo mmoja na zile za pikapu za Chevrolet, kwa hiyo spea zimejaa na fundi wa kawaida anaimudu. Bodi nayo si bati, haili kutu.

Boxster kwenye kona ni tamu mno, sikatai. Injini iko nyuma ya viti, katikati ya gari, na unaligeuza bila kupigana nalo. Lakini ndani ya injini yake kuna beringi inayoshika shafti ya kati; ikiachia, injini nzima imekwenda na maji. Ukiipenda Boxster, usilipe hata senti kabla fundi hajatoa chujio la oili, akalikata na kulikunjua juani. Ukiona chembe za chuma zinametameta kwenye mikunjo, ondoka. Zisipokuwepo, uliza klachi ilibadilishwa lini, maana klachi ikibadilishwa giaboksi hushushwa, na hapo ndipo watu huweka beringi mpya. Dai risiti.