Jibu: MRI ya titi siku 3 kabla ya hedhi

Salaam dada. Umeuliza kama MRI (picha za sumaku) ya titi uliyopigwa Nakuru siku 3 kabla ya hedhi ina maana yoyote, maana ripoti inasema tishu za matiti yote mawili "zimewaka" yaani zimeng'aa pichani, ilhali upande wa difyusheni, picha za mwendo wa maji ndani ya tishu, hauna tatizo.

Anza na kalenda: hesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kipimo. Hapa Kisumu, asiye na dharura tunampangia kipimo kati ya siku ya 7 na ya 14. Baada ya hapo homoni ya projesteroni huvimbisha matiti, damu huongezeka, na ile dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani huwasha hata tishu zisizo na ugonjwa. Difyusheni haihitaji dawa hiyo. Hupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu, na mzunguko wa hedhi huigusa kidogo tu. Kwa hiyo ripoti yako haijipingi.

Kinachoivuruga difyusheni zaidi ni kunyonyesha. Mama mmoja alitujia kutoka Ahero, leso imelowa maziwa kifuani. Tulimwomba amnyonyeshe mtoto kwanza, kwani maziwa yakijaa kwenye mirija hupunguza mwendo wa maji. (Mtoto alilala fofofo, aliyehangaika ni baba.)

Ukitumia sindano ya kupanga uzazi, mwambie daktari, siku hapo hazihesabiki vizuri. Na kama kuna uvimbe unaoshikika, usingoje mzunguko. Picha zako sijaziona, hivyo kurudia au kutorudia aamue aliyezisoma.