Maswali na majibu: Sir John Hotham, aliyemfungia mfalme lango

Juzi nilimtaja kwa kupita tu Sir John Hotham, baroneti wa Yorkshire huko Uingereza. Maswali yamemiminika, nayajibu haya.

Baroneti ndiyo lodi?

La. Baroneti huitwa "Sir" na cheo chake hurithiwa, ila hakimpi kiti katika Baraza la Malodi. Mfalme James I alikianzisha mwaka 1611 kwa kuwa alikuwa anatafuta fedha: mtu alitoa pauni 1,095, gharama ya kuwaweka askari 30 Ulster, kaskazini mwa Ireland, kwa miaka 3. Yaani kilikuwa kinauzwa. Hotham alikipata 1622.

Kweli alimfungia mfalme lango, au mmetia chumvi?

Kweli tupu. Ni Hull, mji wa bandari wa Yorkshire, tarehe 23 Aprili 1642. Mjini kulikuwa na ghala la silaha na baruti zilizobaki kutoka vita vya Scotland. Mfalme Charles I, aliyekuwa akivutana na Bunge, alizitaka. Bunge lilikwisha kumweka Hotham azilinde. Siku moja kabla, mtoto wa mfalme, James, mwenye miaka 8, aliingia mjini na Hotham mwenyewe akamkirimu. Kesho yake baba mtu anafika na wapanda farasi wake, anakuta daraja limeinuliwa na Lango la Beverley limefungwa. Hotham yuko juu ya ukuta. Anapiga magoti huko huko juu, anamsihi mfalme wake amwelewe, na hafungui! Mfalme akapunguza masharti: basi niingie na watu 20 tu. Wapi! Akamtangaza msaliti, akageuza farasi. Mimi yale magoti hunishangaza kuliko lango.

Basi alikuwa mtu wa Bunge wa kufa na kupona?

Hapo ndipo penye utamu. Alikuwa mbunge wa Beverley, mji jirani na Hull, aliyepinga kodi ya meli, ambayo mfalme aliitoza bila idhini ya Bunge. Mfalme akamvua ugavana wa Hull, na 1640 akamtia ndani. Kwa hiyo naona lango lile lilifungwa na kinyongo pia. Vita kati ya mfalme na Bunge vilipoanza, Bunge likampa Lord Fairfax majeshi ya kaskazini, na Hotham akanuna upya. Yeye na mwanawe, Kapteni John Hotham, wakaanza kuandikiana kisirisiri na Earl wa Newcastle, jemadari wa mfalme. Juni 1643 mambo yakafichuka. Akatoroka Hull, akakamatiwa Beverley, kwa wapiga kura wake mwenyewe.

Alioa?

Mara 5.

Walimfanya nini?

Walimfunga katika Mnara wa London, kisha wakamhukumu kifo pamoja na mwanawe. Malodi walimpatia baba nafuu ya siku chache. Baraza la Makabwela, yaani la wabunge wa kuchaguliwa, likagoma kuongeza. Mwana alikatwa kichwa tarehe 1 Januari 1645, baba tarehe 2.

Na cheo je, kilifutwa?

Hapana. Mrithi alikwisha kuuawa jana yake, kwa hiyo kikaruka hadi kwa mjukuu, naye pia aliitwa John.