Re: Mgomo wa mabasi Montgomery, watu walifikaje kazini siku 381?

Mkuu, jibu fupi: walijiundia usafiri wao.

Mgomo huo, wa watu weusi wa Montgomery, Alabama (Marekani) kutopanda mabasi yaliyowabagua, ulianza tarehe 5 Desemba 1955, siku nne baada ya Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumwachia mzungu kiti cha basi, kukamatwa. Mwanzoni madereva teksi weusi walibeba watu kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Jiji likawabana: sheria ilitaka nauli isipungue senti 45. Ndipo wenye magari binafsi, kama 300 hivi, wakajitolea, vikapangwa vituo vya kupandia na kushukia. Makanisa nayo yakanunua magari.

Pigo baya lilikuwa bima za magari hayo. Kampuni zilipozifuta, bima ikapatikana Lloyd's, soko la bima la London. Polisi nao waliwaandama madereva kwa makosa madogo madogo; Martin Luther King, kiongozi wa mgomo, alikamatwa kwa kwenda maili 30 kwa saa penye kikomo cha 25.

Tarehe 13 Novemba 1956 mahakama ya Alabama ilipiga marufuku mpango wa magari, na siku hiyohiyo Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha kuwa ubaguzi kwenye mabasi yale ni kinyume cha katiba. Amri ilifika Montgomery tarehe 20 Desemba. Katikati hapo wengi walitembea kwa miguu, na mabasi hawakuyapanda.