Nilivyoutupa Mji kwenye Kifusi

Wiki iliyopita nilikaa chini ya mwembe nikiwatazama wanafunzi wa akiolojia wa mwaka wa pili wakichekecha udongo wa shimo tunalochimba. Kikatokea kigae cha kijani cha China, kelele zikafika ufukweni. Dakika mbili baadaye kijana yule yule akabinua chekeche, na mabonge mekundu ya udongo yakaenda kifusini. Nilitaka kumfokea nikashindwa, maana kijana yule niliwahi kuwa mimi. Basi wadogo zangu, kaeni kitako.

1. Lebo mbili kila mfuko wa vitu mlivyochimbua, ndani na nje, kwa penseli. Atakayebisha ataelezwa na mvua.

2. Msianze kuusoma mji kwa majengo. Najua, ukishuka mashuani Kilwa Kisiwani, mji wa kale kusini mwa Tanzania, Gereza hilo mbele yako, ile ngome, kisha Msikiti Mkuu, kisha unapelekwa Husuni Kubwa, jumba la sultani, ukapige picha kwenye birika la pembe nane. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeijenga karne ya 14, alikuwa mtu wa kupenda kuonekana, na mpaka leo anaonekana. Lakini sarafu yake moja ya shaba iliokotwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko bara, mbali kabisa na bahari, na mimi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Dhahabu ilitoka bara, ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikapanda na pepo. Hapo katikati lazima awepo wa kupima, wa kutunza ghala, wa kumlisha baharia anayesubiri kusi, na wa kuamua ugomvi wa mizani. Watu hao wakishajazana mahali pamoja na kulazimika kuvumiliana, tayari ni mji, hata kama hakuna aliyechonga tumbawe hata moja.

Na hapo lugha yetu inatuponza. Tunasema "ustaarabu", neno lenye Uarabu ndani yake, halafu tunashangaa kwa nini vizazi vya watafiti walidhani miji hii ililetwa na jahazi ikiwa tayari imejengwa. Wazee wa pwani walikuwa na "uungwana". Nalo lina kiburi chake, mwenye nyumba ya mawe akimtazama wa nyumba ya makuti kwa jicho la pembeni, lakini angalau ni kiburi cha nyumbani.

3. Aibu yangu. Ilikuwa kambi yangu ya kwanza, kisiwa fulani kusini, siku ya tisa, saa tisa alasiri. Nikapata kigae cha kijani, kipana kama kiganja. Nilikipiga picha mara 14. Tabaka hilo hilo lilikuwa limejaa mabonge mekundu yaliyoungua, yanaziba chekeche, yananichelewesha. Kwenye fomu niliandika neno moja: "uchafu". Ndoo nne nikazimwaga.

Asubuhi mwalimu wetu akachuchumaa ukingoni mwa shimo. Akakitazama kigae, akakirudisha mfukoni. Akauliza, "Sakafu naiona. Ukuta wake uko wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini, Mungu anisamehe, kwamba hapakuwa na ukuta. Mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa akichimba nasi alikwishakwenda kifusini. Akarudi na bonge, akaligeuza: upande mmoja mifereji ya fito, upande wa pili alama za vidole vya aliyekandika. "Bwana mdogo," akasema, "ukuta huu hapa. Kama ule unaouegemea kwangu kila jioni ukinywa chai."

Na kweli. Siku tisa nilikuwa nalala ndani ya nyumba ya fito na udongo, nikiamka kwenda kuitafuta historia ya nyumba za mawe! Nilichekecha kile kifusi siku tatu, peke yangu. Mabonge yalipatikana, ila mahali pake palikwishapotea: ukuta upi, mlango upande gani, jiko wapi, hakuna tena wa kusema. Mwalimu hakunigombeza. Bora angenigombeza.

4. Kofia. Maji. Mwiko wako mwenyewe, usiazime.

5. Rudini Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, pwani ya Kenya. Chini ya msikiti wa mawe walikuta mashimo ya nguzo, misikiti ya miti juu ya misikiti ya miti, hadi karne ya 8. Songo Mnara nako, kisiwa jirani na Kilwa, nyumba za udongo zimeonekana jirani na majumba. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akaiweka miongoni mwa miji mizuri kabisa, na katika maelezo hayo hayo akaandika kwamba ni ya miti, na nyumba zimeezekwa kwa majani. Wasomi wamebishana sana juu ya sentensi hiyo, wengine wakiona kama anaidhalilisha. Mimi sioni dharau yoyote. Mtu aliyekwisha kuiona Kairo na Damasko akaisifu Kilwa ya miti, sisi tunatafuta mawe ya nini?

Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunarudi kifusini na ndoo. Kijana wa kigae cha kijani atabeba. Chekeche nitashika mimi.