Mama kijacho, jinyooshe: matembezi na yoga katika ujauzito wangu

Ujauzito ukishajulikana tu, maagizo huanza kumiminika. Usiiname, usipande ngazi, usinyanyue mikono juu maana kitovu kitamzunguka mtoto shingoni. Mimi niliyapata kutoka kwa mama mkwe, kwa mashangazi, mpaka kwa dada anayeniuzia mboga, na wote walisema kwa mapenzi. Hilo la mikono nililipeleka kliniki. Mkunga akaniambia kitovu humzunguka mtoto kwa kuwa mtoto mwenyewe hugeuka na kucheza tumboni, wala hakihusiani na mama kuanika nguo kwenye kamba. Nikashusha pumzi. Mwili wangu ulikuwa na kiu ya kujongea, maana nilishinda kwenye kiti cha ofisi tangu asubuhi, na jioni foleni ya Dar es Salaam ikanipokea.

Shoga yangu, ujauzito usio na matatizo si sababu ya kukaa kitako miezi tisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mjamzito asiye na kizuizi cha kiafya apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku, siku tano. Wala si lazima iwe kwa mkupuo mmoja. Dakika kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni, hesabu imetimia. Mazoezi hayo hupunguza uwezekano wa kupata kisukari cha mimba na presha ya mimba, na huzuia uzito usipande kupita kiasi.

Ila hilo neno "asiye na kizuizi" lina uzito wake. Kabla hujatandika mkeka, pita kliniki. Kama kondo la nyuma limejishika chini karibu na mlango wa kizazi, kama umetokwa na damu, kama mlango wa kizazi ni dhaifu, kama presha imepanda, kama umebeba mapacha au uliwahi kujifungua kabla ya wakati, basi mwenye neno ni daktari. Upungufu wa damu nao nausisitiza kwa sababu kwetu umeenea, malaria na minyoo vikichangia. Mkunga anapokushusha kope la chini na kutazama weupe wake, akakufungua viganja, kisha akakutoboa kidole, hilo ndilo analolitafuta. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi unavyopewa vimeze, hakuna zoezi litakaloshika nafasi yake.

Mimi nilianza na kutembea, na hata leo mjamzito akiniuliza aanzie wapi namwambia hapo hapo. Hakuna gharama, na kipimo chake ni rahisi: ukiwa unatembea uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema, lakini ukijaribu kuimba pumzi ikate. Ukishindwa hata kuongea, punguza mwendo. Nilishuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya changu, nikavaa viatu vyenye kisigino cha chini vinavyoshika mguu, nikabeba chupa ya maji. Joto la Dar kati ya Desemba na Machi si la kuchezea, na mjamzito hapaswi kuchemka mwili, hivyo miezi hiyo nilitoka alfajiri. Miezi mitatu ya mwanzo sikujilazimisha sana. Kichefuchefu kilikuwa kikali, kuna siku kutembea mpaka dukani kulitosha, na sioni ubaya wowote.

Yoga niliifuata mwezi wa nne, kiuno kilipoanza kuuma. Najua wengi wetu tunasita, maana asili yake ni India na kwa Wahindu ina nafasi ndani ya ibada. Mimi ni mtu wa swala, nililifikiria kwa makini. Nikaacha nyimbo na maneno ya ibada, nikabaki na kunyoosha viungo na kupumua, na moyo wangu ukatulia. Kama wako hautulii, usijilazimishe. Mazoezi ya viungo ya kawaida kwa wajawazito yatakupa mengi ya hayo hayo.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote linaitwa paka na ng'ombe. Unapiga magoti na kuweka viganja chini, viganja vikiwa sawa na mabega, magoti sawa na nyonga. Chini ya magoti mimi niliweka kanga iliyokunjwa mara kadhaa, maana sakafu ya vigae inaumiza. Ukitoa pumzi unauinua mgongo kama unausukuma kuelekea dari, kichwa kikiinama. Ukivuta pumzi unaurudisha mpaka unyooke, basi. Usiuache ubonyee chini, kwa sababu uzito wa tumbo utauvuta zaidi. Polepole, mara nane au kumi. Tumbo likining'inia hivyo, kiuno kinapata nafuu ambayo kulala kitandani hakukunipa. Kutoka hapo nilitanua magoti tumbo lipate nafasi katikati, nikakalia visigino, nikaegemeza paji la uso kwenye mto.

Mengine nayapitia haraka. Kukaa chini nyayo zikigusana na magoti yakifunguka pembeni ni kuzuri kwa nyonga. Kuchuchumaa ukiwa umeshika ukingo wa kitanda kulinifaa, ingawa kama mtoto bado amekaa kitako mwezi wa nane, au una maumivu ya mfupa wa mbele wa nyonga, muulize mkunga kwanza. Mazoezi ya kusimama fanya karibu na ukuta, kwa sababu tumbo linapokua mizani ya mwili inabadilika na kuanguka ni rahisi.

Kuna jambo ambalo mwalimu asiyezoea wajawazito anaweza asikuambie. Katika ujauzito mwili hutoa homoni iitwayo rilaksini, inayolegeza mishipa inayoshikilia maungio. Utajiona mwepesi, utaweza kujikunja kuliko zamani, na hapo ndipo watu wanapojiumiza. Ishia kabla ya mwisho wa uwezo wako. Tumbo likishakuwa kubwa, kuanzia kama mwezi wa nne au wa tano, acha mazoezi ya kulala chali kwa muda mrefu: mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha ikashuka, ukaona kizunguzungu. Pumziko la mwisho lifanye ukiwa umelala ubavu, mto katikati ya magoti. Achana pia na kulalia tumbo, kusimama kwa kichwa, kuruka, kujisokota kiwiliwili kwa nguvu na kubana pumzi. Madarasa ya yoga yanayofanyika kwenye chumba kilichopashwa joto si ya mjamzito kabisa.

Kati ya yote niliyojifunza, nililolitumia leba ni pumzi: kuvuta kwa pua kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, taya na mabega vikilegea. Yoga haikuniondolea uchungu, wala asikudanganye mtu kwamba itakuhakikishia kujifungua kwa njia ya kawaida. Ilinipa kitu cha kufanya uchungu unapopanda, badala ya kukaza mwili mzima na kungoja uishe.

Sasa wewe mwenye jembe, ndoo za maji na mtoto mwingine mgongoni. Wewe hukosi mazoezi, unakosa pumziko. Kwako yoga ni zile dakika kumi za jioni: zoezi la paka, kisha kulala ubavu bila mtu kukuita. Na wenye nyumba wasikie, ndoo nzito za mjamzito zibebwe na mwingine. Kumwambia mwanamke aliyetoka shamba kwamba aongeze mazoezi ni kumwonea.

Popote ulipo, acha papo hapo ukiona damu, maji yakivuja ukeni, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kukosa pumzi hata kabla hujaanza, maumivu makali ya kichwa au macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, tumbo kukaza na kuuma kwa vipindi, au mtoto kucheza kidogo kuliko ulivyomzoea. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Chukua kadi yako na mtu wa kukusindikiza, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.